Deni Usilolikopa: Vidokezo Tisa vya Kulinda Jina Lako

Binamu yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kilifi, mtu ambaye hata deni la unga dukani humnyima usingizi. Alikwenda benki kuomba mkopo wa kumalizia paa la nyumba yake, akajibiwa kuwa hastahili: jina lake limo CRB, yaani kwenye kumbukumbu za mashirika ya taarifa za mikopo, kwa mkopo wa simu wa shilingi elfu nane ambao haujalipwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Programu iliyotoa mkopo huo hakuwahi hata kuisikia. Laini iliyopokea pesa hakuwahi kuishika, ila ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Miezi mitano ilikatika akizunguka maofisini. Masika yakanyesha juu ya kuta zisizo na paa.

Mwizi wa namna hii huliweka jina lako rehani, akatoweka na pesa, nawe ukajua siku unapolihitaji. Haya ni mambo niliyojifunza nikimsindikiza binamu kutoka dirisha moja hadi jingine. Nimeandika zaidi kwa msomaji wa Kenya, ambako mikopo ya simu imeota mizizi mirefu, lakini jirani zetu wa Tanzania nao watajikuta humu.

1. Nambari ya kitambulisho ichukulie kama alama ya mwilini

Namba ya siri ya M-Pesa ukiitilia shaka unaibadilisha kwa dakika moja. Nambari ya kitambulisho huwezi. Hata ukipoteza kadi ukaomba nyingine, kadi huja mpya na nambari ni ile ile uliyopewa ulipofikisha miaka kumi na minane. Ikishavuja, imevuja kwa maisha.

Wazee wetu waliujua uzito wa jambo hili kuliko sisi. Sheria ya kikoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu kubeba kipande, cheti cha kumtambulisha, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipigia kelele mwaka 1921. Leo jina la kipande bado tunalitumia kwa kitambulisho, lakini tunakitoa kwa yeyote anayekiomba, bila hata kuuliza ni cha nini.

2. Funga laini kabla hujafunga mlango

Kama utafuata kidokezo kimoja tu kati ya hivi tisa, kiwe hiki. Laini ya simu ndiyo ufunguo wa nyumba nzima: benki hutuma namba ya uthibitisho huko, M-Pesa iko huko, Fuliza, mkopo wa M-Pesa, iko huko, barua pepe hufunguliwa upya kupitia huko. Mwizi hahitaji kuigusa simu yako. Anachohitaji ni laini yenye nambari yako ndani ya simu yake.

Anavyoipata ni hivi. Hukusanya jina lako kamili, nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, pengine na nambari mbili tatu unazozipigia mara kwa mara. Huenda kwa wakala mzembe au anayekula naye, akajifanya wewe uliyepoteza simu, akaomba laini mbadala. Mara laini yake inapowaka, yako inazimika. Kuanzia hapo ana dakika chache za kubadilisha namba za siri, kuhamisha salio na kukopa kila kinachokopeka. Kuna wanaokupigia simu mfululizo usiku ili uchoke uizime simu mwenyewe, usije ukaona mtandao umepotea.

Mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *100*100# ili laini yake isibadilishwe kwa wakala yeyote isipokuwa yeye mwenyewe afike kwenye duka la kampuni. Ni bure na huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kwenye mipangilio ya simu, weka pia namba ya siri ya laini yenyewe, ili mwizi wa simu asiweze kuichomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine akapokea ujumbe wako. Namba hiyo iandike mahali nyumbani, kwa sababu ukikosea mara tatu laini hujifunga hadi upate nambari ya kuifungulia, PUK.

Na ujifunze dalili. Wenzako mezani wana mtandao na wewe huna? Usingoje urudi wenyewe. Azima simu, piga kwa mtandao wako sasa hivi.

3. Uliza una laini ngapi

Bonyeza *106#. Utaletewa orodha ya nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Binamu yangu alikuta tatu. Moja ilikuwa yake, ya pili ya marehemu babake, aliyoisajili yeye kwa kuwa mzee hakuweza kupanga foleni. Ya tatu ndiyo iliyomtia CRB.

Laini usiyoitambua iripoti siku hiyo hiyo uiondoe. Kila siku inayopita ikiwa hewani, inaweza kukopa, kutukana au kutapeli mtu mwingine kwa jina lako, na mwanamume wa Bungoma aliyeporwa akienda polisi, jina litakalotoka kwenye kompyuta ni lako.

Tanzania nao hubonyeza *106# hiyo hiyo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, kila laini huko imefungwa kwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo mwenye NIDA ndiye anayeulizwa. Nambari ya mtu anayekutumia ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ipeleke 15040.

4. Chunga karatasi

Nilinunua njugu za shilingi ishirini kituo cha matatu. Nilipozimaliza nikakunjua kikaratasi: ilikuwa fomu ya kuomba kazi, na kwenye fomu kulikuwa na jina, nambari ya kitambulisho, simu, jina la mama na sahihi ya msichana fulani. Kila kitu anachohitaji mwizi, kimefungiwa njugu. Nilikichana vipande vidogo nikavitia mfukoni hadi nyumbani. Yule msichana hajui, na hatajua, kwamba maisha yake yalikuwa mkononi mwangu.

Kwa hiyo, nakala ya kitambulisho unayompa mwenye nyumba, wakala wa kazi au shule, iandike juu yake kwa kalamu, katikati kabisa ya picha: "Kwa ajili ya kukodi nyumba tu," na tarehe. Nakala iliyoandikwa hivyo haimfai mwizi anayetaka kufungua akaunti. Kwenye saiba, simama karibu na mhudumu anapokuchapishia, mwombe afute faili, hakikisha amelifuta na kwenye pipa la kompyuta, kisha toka kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kwenye akaunti ya kodi ya KRA kabla ya kunyanyuka. Usihifadhi nywila kwenye mashine ambayo nusu ya mtaa inaikalia.

Halafu kuna madaftari ya langoni mwa majengo. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, unakokwenda, saa. Na ukurasa mzima wa waliokutangulia uko wazi unausoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema anayekusanya taarifa zako achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi yake, na akueleze ni za nini. Si utovu wa adabu kumuuliza soja kwa upole: "Ndugu, nambari ya kitambulisho mnaifanyia nini?" Nimeuliza mara nyingi. Baadhi yao huridhika na jina na simu tu. Kukionyesha kitambulisho sawa, lakini kukiacha kwenye droo yao saa tatu usikubali. Acha kadi ya kazini au ya maktaba.

5. Anayekujua jina si lazima akufahamu

Walaghai wa simu zamani walikuwa wakibahatisha. Sasa hukupigia wakakutaja majina matatu na tarakimu za mwisho za kitambulisho, nawe unalegea: huyu bila shaka ni mtu wa ofisi. La. Ni mtu aliyesoma daftari la langoni.

Safaricom imesema mara nyingi kwamba hupigia wateja wake kwa 0722 000 000 tu. Lakini usitegemee nambari peke yake. Tegemea kanuni hii: hakuna mfanyakazi halali wa benki, kampuni ya simu wala serikali anayehitaji namba yako ya siri au tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwa ujumbe. Akiomba, kata simu, huna haja ya kumpa sababu. Kisha piga mwenyewe ofisi unayoijua. Nambari ya tapeli itume 333, ni bure.

6. Macho, vidole na vyama

Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023, foleni ndefu zilionekana kwenye jumba la mikutano la KICC mjini Nairobi. Watu walikuwa wakipigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya karibu shilingi elfu saba. Serikali ilisimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data ile ya Wakenya ifutwe. Simlaumu aliyepanga foleni. Elfu saba ni kodi ya chumba. Namwomba tu akumbuke kwamba elfu saba huisha kwa wiki moja na jicho ni la kudumu.

Miaka miwili kabla yake, Juni 2021, Wakenya kwa wingi waliingia eCitizen wakakuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa wasivyowahi kujiunga navyo. Hakuna aliyeibiwa senti siku ile, lakini ilionyesha jinsi nambari zetu zilivyokuwa zimezagaa. Ukiingia eCitizen kwa shughuli nyingine, angalia na hilo.

Na unapopakua programu ya mikopo, ona inaomba nini. Inayotaka orodha yako yote ya majina ya simu inataka kuwapigia shemeji na bosi wako siku utakapochelewa kulipa. Tangu mwaka 2022 wakopeshaji wa kidijitali Kenya wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Asiyekuwemo, usimpe kitambulisho.

7. Isome ripoti yako ya CRB ukiwa huna shida

Watu wengi wanaiogopa CRB kama wanavyoogopa hospitali, na hivyo huenda wakiwa wameshazidiwa. Kenya ina mashirika matatu yenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Sheria inakupa haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Panga siku, mimi huiomba wiki ya siku yangu ya kuzaliwa ili nisisahau.

Ukiipata, usikimbilie alama ya mwisho. Anza na maelezo yako binafsi: je, simu zote zilizoandikwa ni zako? Anwani unayoijua? Kisha orodha ya mikopo, wa kwanza hadi wa mwisho, hata iliyokwisha kulipwa. Mwizi mjanja hukopa kidogo akalipa, akakopa tena kidogo akalipa, ili kiwango cha kukopeshwa kipande. Ukiona mkopo mdogo uliolipwa vizuri na wewe hukuuomba, hiyo ni hatari na wala si bahati. Mwisho tazama ni nani waliouliza habari zako. Benki usiyowahi kuingia ikikuulizia, maana yake kuna mtu aliyejaribu.

Mikopo isiyofika shilingi 1,000 haiorodheshwi siku hizi. Kwa iliyo juu ya hapo, mkopeshaji anatakiwa akuarifu siku 30 kabla ya kupeleka jina lako kama mdaiwa sugu. Hapa ndipo penye shimo ambalo binamu yangu alitumbukia: arifa hiyo hutumwa kwenye nambari iliyokopa. Yaani anayeonywa ni mwizi. Wewe mwenye jina hupati hata mlio. Hii ndiyo sababu nasisitiza uitafute ripoti mwenyewe, kwa maana hakuna atakayekuletea.

Ukikuta deni lisilo lako, andika barua ya kupinga kwa shirika la CRB na nyingine kwa mkopeshaji, zote mbili siku moja, na ubaki na nakala zilizopigwa mhuri. Nenda polisi uandikishe, upewe nambari ya OB, daftari la matukio. Kwenye barua kwa mkopeshaji uliza maswali matatu: mkopo ulitolewa tarehe gani, ulipelekwa nambari gani ya simu, na ni picha au alama gani mliyotumia kunitambua? Swali la pili ndilo lililomwokoa binamu. Nambari iliyopokea pesa ilisajiliwa mji ambao hajawahi kukanyaga, siku ambayo alikuwa darasani na rejista ya shule inamshuhudia.

Kuna makosa mawili hapa yanayowaponza watu waaminifu. La kwanza ni kulipa deni lisilo lako "yaishe". Hayaishi. Ukilipa umekubali kwamba ni lako, na kumbukumbu ya kuchelewa inaweza kubaki kwenye ripoti hadi miaka mitano hata baada ya kulipwa. La pili ni kumwendea mtu wa mtandaoni anayeahidi kukusafishia jina kwa shilingi elfu mbili. Hana ufunguo wowote wa CRB. Atakachopata ni elfu mbili zako na kitambulisho chako, na utakuwa umerudi mwanzo.

8. Kitambulisho hakiazimwi, hata kwa ndugu

Hiki ni kidokezo kigumu kukisema, kwa sababu anayekuja kuomba hatoki mbali. Ni mdogo wako ambaye kadi yake haijatoka na anataka laini. Ni rafiki mwenye jina lililoharibika CRB, anaomba ukope wewe alipe yeye. Ni jirani mwema kabisa. Laini ile ya babake binamu yangu ilisajiliwa kwa mapenzi, na hakuna ubaya uliotokea. Lakini mzee alipofariki, kama ingeangukia mkononi mwa mtu mwingine, ingekuwa hadithi nyingine.

Mkatalie kwa heshima na umpe msaada wa aina nyingine. Mpeleke Huduma Centre ukamlipie nauli. Mkopeshe cha mfukoni mwako, kile unachoweza kukisamehe. Hasara ya elfu mbili kati ya ndugu hupona. Jina lililochafuliwa na ndugu huvunja udugu wenyewe, nimeliona hilo.

Wazee wetu wanahitaji uangalizi wa pekee. Wengi humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri amtolee pesa, na mjukuu akija na marafiki zake siri imekwisha. Kumbuka mikopo mingi siku hizi haina fomu: Hazina ya Hustler iliyozinduliwa Novemba 2022 hukopwa kwa kubonyeza *254#, na Fuliza hujaza penye upungufu yenyewe ikishawashwa. Mwenye simu na namba ya siri anaweza kumtia bibi kwenye deni bila bibi kusikia lolote. Keti naye, mbadilishie namba, mchagulie mtu mmoja wa kumsaidia na si kila mtoto anayepita uani. Na akifariki mzazi, katika shughuli zote za matanga, mtu mmoja apewe jukumu la kupeleka habari kwa kampuni ya simu na benki. Jina la marehemu nalo hukopewa.

9. Yakishatokea, fuata mpangilio

Kwanza kampuni ya simu, ili laini ifungwe. Pili benki na kila chama cha akiba ulichomo. Tatu polisi. Nne CRB, hata kama huoni deni bado. Kama taarifa zako zimevujishwa na kampuni au taasisi unayoifahamu, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko.

Mpangilio huo uandike leo kwenye karatasi, pamoja na nambari za dharura za benki yako, uubandike ndani ya mlango wa kabati. Siku simu itakapokuwa imeibwa au laini imezimwa, nambari ulizozihifadhi ndani yake hazitakufaa kitu.

Wala usione haya. Binamu yangu alikaa wiki tatu bila kumwambia hata mkewe, akidhani ataonekana mzembe, na wiki tatu hizo laini ile iliendelea kutumika. Kujifanya mtu mwingine ni jinai: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inatoa faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Aliyevunja sheria ni yule mwizi.

Jina la binamu lilifutwa CRB mwezi wa sita tangu alipoanza kudai, na mabati yake yamepigwa misumari. Wewe usingoje kufika huko. Kabla hujalala leo, bonyeza *106#, kisha mpigie mama umwelekeze naye abonyeze.